Boksi la spika kazi yake ni kunyamaza

Kijana akipata spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu, hatafuti mbao kwanza. Anatafuta chungu. Akikosa chungu, ndoo. Akikosa ndoo, dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu. Anailaza spika mdomoni mwa chombo, anaunganisha nyaya mbili, na spika ile iliyokuwa ikilia kiduchu mezani inaanza kutoa besi hadi watu wa chumba cha pili wanaitika. Mchezo huu utaukuta vijijini na mijini, Tanzania na Kenya. Wanaoucheza hawakufundishwa fizikia na mtu, lakini wamegusa jambo lililowahangaisha wahandisi kwa miaka mingi: spika isiyo na boksi haijakamilika.

Makala haya ni ya yule anayetaka kutoka kwenye chungu aende kwenye mbao, ajitengenezee maboksi yake mwenyewe nyumbani, ayaweke sebuleni bila aibu. Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Inahitaji msumeno, keekee, gundi, subira, na hesabu kidogo ambazo mafundi wengi wa mitaani huziruka. Nitakaa zaidi kwenye hizo hesabu, kwa sababu mbao zikishakatwa vibaya hakuna msasa utakaozirekebisha.

Tuanze na chungu chenyewe. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, wakati uleule inaivuta hewa ya nyuma. Sauti mbili zinatoka kwa pamoja, moja kinyume cha nyingine. Sauti nzito ina wimbi refu: mtetemo wa hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, una wimbi la zaidi ya mita nane na nusu. Wimbi la urefu huo haliwezi kuzuiwa na ukingo wa spika ya inchi kumi. Linazunguka, linakutana na mwenzake wa mbele, yanafutana. Sauti kali ya hezi 10,000 ina wimbi la sentimita tatu na kidogo, nayo hairudi nyuma. Ndiyo maana spika iliyo uchi husikika kama ina miluzi tu na besi imeibiwa.

Huhitaji kuniamini. Chukua boksi la katoni, likunjue liwe bapa, toboa tundu la ukubwa wa spika yako, kisha cheza wimbo wenye besi na uibane spika kwenye tundu hilo. Besi itarudi papo hapo. Iondoe, besi itaondoka. Katoni haikuongeza nguvu yoyote. Imeitenga tu sauti ya nyuma na ya mbele.

Kwa hiyo boksi ni ukuta wa kutenga. Likishafanya kazi hiyo, linatakiwa likae kimya. Hapa ndipo fundi mzuri wa samani na fundi mzuri wa ala za muziki wanapoweza kupotea njia pamoja. Ilimba ya Wagogo, ambayo Hukwe Zawose aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia, ina sanduku la mbao lililochongwa makusudi lilie. Udi wa taarabu vilevile: bila tumbo lake la mbao nyembamba, nyuzi zake zingenong'ona tu. Mbao katika ala hizo ni sehemu ya sauti. Katika boksi la spika, mbao ikilia inaongeza noti ambayo mwimbaji hakuiimba. Kila mlio wa ubao ni uongo unaopachikwa juu ya wimbo wa mtu. Boksi zuri ni lile ambalo ukiligonga kwa kifundo cha kidole linakujibu kwa mlio mfupi na mzito kisha linanyamaza.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Spika ya koni na koili tunayoitumia leo ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani. Albert Thuras wa maabara za Bell alipewa hataza mwaka 1932 ya boksi lenye tundu, ambalo sauti ya nyuma haifungiwi tena bali inatumiwa. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaja na AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa, ambalo hewa ya ndani ilifanya kazi ya springi ya kuirudisha koni mahali pake. Kabla yake, mtu aliyetaka besi nzito nyumbani alikubali kupoteza pembe nzima ya sebule kwa ajili ya kabati la spika.

Lakini mtu ambaye fundi wa nyumbani anapaswa kumshukuru kuliko wote ni Neville Thiele, mhandisi wa Australia. Mwaka 1961 alichapisha huko kwao makala iliyoonyesha kwamba spika na boksi lake vinaweza kukokotolewa kabla hata ya kukata ubao, kwa njia zilezile ambazo wahandisi wa umeme hukokotoa vichujio vya mawimbi. Wachache waliisoma. Mwaka 1971 ikachapishwa tena Marekani, na Richard Small, aliyekuwa akifanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Sydney, akaiendeleza kwa makala zake za miaka ya 1972 na 1973. Tangu hapo boksi la spika likaacha kuwa jambo la kubahatisha. Kila spika ya maana duniani inauzwa na karatasi ya namba zinazobeba majina ya watu hao wawili.

Namba zenyewe ni nyingi, ila tatu zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni Fs, mtetemo wa asili wa koni ikiwa haijafungwa popote. Ya pili ni Vas, ujazo wa hewa ambao ulaini wake unalingana na ulaini wa kingo zinazoishikilia koni. Ya tatu ni Qts, inayoonyesha jinsi spika inavyojizuia yenyewe isiendelee kutikisika baada ya kusukumwa. Sumaku yenye nguvu huishusha namba hii.

Tuchukue mfano. Tuseme una spika ya inchi kumi yenye Fs ya hezi 40, Vas ya lita 55 na Qts ya 0.38. Ukitaka boksi lililozibwa lenye mwitikio laini usio na nundu, mafundi hulenga namba hii ya Q ifike 0.707 spika ikiwa ndani ya boksi. Unagawa 0.707 kwa 0.38, unapata 1.86. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa moja, inabaki karibu 2.46. Unagawa lita 55 kwa hiyo 2.46 na jibu ni lita 22 na kidogo. Boksi dogo kabisa. Bei ya udogo huo ni kwamba besi inaanza kushuka kwenye hezi 74 hivi. Gitaa la besi utalisikia, lakini noti zake za chini kabisa zitakuwa zimekonda.

Spika hiyohiyo ukiiwekea boksi la lita 51 lenye bomba lililopangwa kwenye hezi 40, besi inashuka hadi karibu na hezi 40 hizo. Tofauti hii haihitaji masikio ya mtaalamu. Ni spika moja, amplifaya moja, wimbo mmoja. Kilichobadilika ni hewa.

Bomba linafanyaje kazi? Pulizia juu ya mdomo wa chupa ya soda usikie noti. Hewa iliyo shingoni mwa chupa inaruka juu na chini, ikirudishwa na hewa iliyo tumboni. Bomba la boksi ni shingo hiyo. Kwenye mtetemo wake, hewa ya bomba ndiyo inayotoa sauti kubwa huku koni ikiwa karibu imetulia, ukiitazama unaweza kudhani imezimika. Kwa lita 51 na bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji taka linalopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, urefu unaohitajika kufikia hezi 40 ni takriban sentimita 21 na nusu. Ukilikata fupi, mtetemo unapanda, refu, unashuka. Anza na refu kidogo, kwa sababu bomba halirefuki likishakatwa.

Kuna hatari moja ambayo wapiga disko mitaani wanaijua kwa machungu. Chini ya mtetemo wa bomba, hewa ya ndani haiishiki koni tena. Koni inaruka ovyo bila kutoa sauti ya maana, na DJ akiendelea kupandisha besi, koili inagonga chuma au koni inachanika. Watu husema spika ilikuwa feki. Mara nyingi boksi ndilo lililoiua, au tuseme aliyelitoboa tundu kwa kukadiria. Boksi lililozibwa halina ukatili huo, maana springi ya hewa iko kazini muda wote. Mtu anayetengeneza kwa mara ya kwanza, na ambaye shida yake ni muziki wa sebuleni, namshauri aanze na la kuzibwa. Hesabu yake ni fupi na inasamehe.

Sasa tuje kwenye desturi ninayoipinga. Ukienda kwa mafundi wengi wanaouza maboksi yaliyo tayari, swali la kwanza ni inchi ngapi. Kumi, kumi na mbili, kumi na tano? Boksi linauzwa kwa inchi, kama kwamba spika zote za inchi 12 ni ndugu wa tumbo moja. Siyo. Spika mbili za inchi 12 zinaweza kutofautiana Vas mara tatu au nne. Moja ikataka lita 30 na nyingine ikataka zaidi ya 100. Inchi inakuambia ukubwa wa tundu tu. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa boksi.

Utaniambia kwamba spika nyingi za Kariakoo, au zile zilizokuwa zikipangwa madukani Luthuli Avenue jijini Nairobi, haziji na karatasi. Ni kweli. Lakini namba zake zinapimika nyumbani. Tafuta rezista ya omu 100, iunganishe mfululizo na spika, kisha kwa programu ya simu inayotoa mlio wa mtetemo mmoja na amplifaya yoyote ndogo, cheza kuanzia hezi 20 ukipanda taratibu. Mita ya fundi umeme ikiwa kwenye volti za AC, iguse kwenye nyaya mbili za spika. Volti zitapanda, zifike kilele, zianze kushuka. Kilele hicho ndicho Fs. Halafu ifunge spika hiyo kwenye boksi la majaribio ambalo ujazo wake unaujua, upime tena. Mtetemo utakuwa umepanda, na kiasi ulichopanda ndicho kinachotoa Vas. Programu kama WinISD na REW hutolewa bure na zinamaliza hesabu zilizobaki. Kazi nzima inakula mchana mmoja wa Jumamosi.

Ukishapata lita, unarudi kwenye futi kamba. Boksi letu la lita 51 linahitaji kuongezewa nafasi ya vitu vitakavyokaa ndani: bomba linakula karibu lita mbili, sumaku ya spika na viunzi vya kuimarisha vinakula nyingine mbili na nusu hivi. Kwa hiyo tengeneza lita 55 na nusu: upana wa ndani sentimita 30, kina 37, kimo 50. Ubao ukiwa wa milimita 18, nje utapata 33.6 kwa 40.6 kwa 53.6. Epuka boksi la mchemraba, lenye pande zote sawa, kwa sababu mwangwi wa ndani utalimbikizana kwenye mtetemo mmoja. Maboksi mawili ya vipimo hivi yanatoka kwenye shiti moja ya futi nane kwa nne, na vipande vya kuimarishia vinabaki.

Shiti ya nini? Hapa pana mabishano, na pana raha yake.

Mtu anayependa mbao atafikiria mninga. Rangi yake, harufu yake, jinsi randa inavyoteleza juu yake. Mninga una sifa nyingine ambayo maseremala wanaithamini, haupindi wala kusinyaa sana ukishakauka, na mti ambao haupindi ni johari katika hali ya hewa ya pwani. Hata hivyo nisingelijenga boksi zima kwa mninga. Mbao za mti mzima, hata zilizo tulivu, zina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ubao mpana wa namna hiyo una tabia ya kulia kwa noti yake. Vilevile ni ghali, na mti wenyewe unachukua miongo mingi kukua katika misitu yetu ya miombo. Utumie kwa urembo: ubao mwembamba wa kubandika nje, au fremu ya mbele. Na uvae barakoa unapousaga, kwa sababu vumbi lake huwasumbua watu wengi kifuani na kwenye ngozi.

MDF, ubao wa mbao iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ndiyo inayopendwa na wajenzi wa maboksi Ulaya na Marekani. Ni tulivu, haina nyuzi, inakatika safi. Shiti moja ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi, na uzito huo ni sehemu ya sifa yake. Lakini Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam si London. MDF ikinyonya unyevu inavimba kingo, skrubu zinalegea, na rangi inapasuka. Ukiitumia pwani, izibe kila upande kwa rangi au vanishi, ndani na nje, usisahau kuta za tundu la spika. Ukiishi Iringa au Arusha hofu hii ni ndogo.

Mimi kura yangu naipa plaiwudi, ile yenye tabaka nyingi nyembamba zisizo na mapengo katikati. Tabaka zake zinapishana nyuzi, kwa hiyo ubao ni mgumu pande zote. Ni nyepesi kuliko MDF kwa kubeba, na inashika skrubu barabara. Kabla ya kulipa, itazame ubavuni. Ukiona matundu kati ya tabaka, iache, kwa sababu matundu hayo yatakuwa yanavuma ndani ya boksi lako. Plaiwudi nyeusi ya kufungia zege ni imara na inavumilia maji, ila uso wake wa utando haushiki gundi. Lazima uukwangue kwenye kila kiungo. Chipubodi ya makabati ya bei nafuu sina la kuisemea zaidi ya kwamba inasikika vizuri siku ya kwanza.

Unene si kila kitu. Ni kweli kwamba ukiuzidisha unene mara mbili, ugumu wa ubao unaongezeka mara nane. Lakini BBC, ileile ambayo wasomaji wengi wameizoea kwa Dira ya Dunia, ilikwenda njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wake walibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hapakuwa na nafasi. Boksi lake lina kimo cha sentimita 30, upana 19 na kina 16. Walitumia plaiwudi ya mti wa birch yenye milimita 12 tu, na ndani wakabandika mabamba ya lami. Ukuta mnene hupandisha mlio wa ubao hadi pale ambapo sikio ni kali zaidi kwa sauti ya binadamu. Ukuta mwembamba uliobandikwa lami una mlio wa chini, na lami inaumeza. Spika hiyo ilitengenezwa na kampuni kadhaa kwa leseni, na hadi leo wapo watu wanaoitafuta kwa bei ya kushangaza. Mabamba ya lami ya aina hiyo yanauzwa kwa ajili ya milango ya magari, kwa hiyo njia hii ya BBC iko wazi hata kwa mtu wa Buguruni au Gikomba.

Ukitumia milimita 18, njia rahisi ni kuweka kiunzi cha ndani kinachounganisha pande mbili zinazotazamana, na kisikae katikati kabisa. Kisogeze kidogo, ili vipande viwili vya ubao vilivyogawanywa visiwe na mlio mmoja.

Kuunganisha ni kazi ya gundi. Skrubu zinashikilia tu hadi gundi nyeupe ikauke. Ukiwa na jiriwa za kutosha, skrubu hazihitajiki kabisa na boksi linabaki na uso safi. Kila kiungo kipakwe gundi hadi imwagike kidogo, kisha ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kisha pitisha silikoni kwenye pembe zote za ndani, uiache siku mbili ikauke vizuri, maana ile inayotoa harufu kali ya siki inaweza kula gundi za koni ikiwa bado mbichi. Tundu la spika lichorwe kwa bikari, litobolewe kwa keekee, likatwe kwa jigso. Pima mara kadhaa kipenyo cha ndani cha fremu. Si kile cha nje. Chini ya fremu weka ukanda wa sponji ili hewa isipenye.

Ukimaliza boksi lililozibwa, lijaribu hivi: isukume koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, uiachie. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, hewa inavuja mahali, na mara nyingi ni pale waya zinapoingilia.

Ndani ya boksi weka pamba ya kujazia mito, imechambuliwa, isishindiliwe. Inameza mwangwi, na katika boksi lililozibwa inaifanya hewa ijione kama ni nyingi zaidi. Kwa nadharia hadi asilimia 40, kwa vitendo ni chini ya hapo. Kwenye boksi la bomba, ibandike kutani tu na uache njia ya bomba wazi. Bomba lenyewe liweke nyuma ikiwa mbele hakuna nafasi, lakini boksi lisibanwe ukutani.

Juu ya twita, ile spika ndogo ya sauti kali, nitapita haraka, kwa kuwa ni somo la siku nyingine. Ile kapasita ndogo ya mikrofaradi 4.7 ambayo mafundi huifunga kwenye waya wa twita inazuia sauti zilizo chini ya hezi 4,000 hivi kwa twita ya omu nane. Inatosha kuilinda, lakini haiwezi kuipatanisha na spika kubwa, ambayo inaendelea kupiga hadi juu. Krosova, yaani saketi ya kugawa sauti, yenye koili na kapasita kila upande ni bora. Na twita ikae usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Watu hutumia fedha nyingi kwenye twita kisha wakaiweka usawa wa goti.

Kujua plasi na negatifu ya spika isiyo na alama, gusa nyaya zake kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja. Koni ikitoka nje, upande uliogusa plasi ya betri ndio plasi. Ukiziunganisha spika mbili kinyume, besi zitafutana chumbani vilevile zilivyofutana kabla ya kuwa na boksi.

Je, ni nafuu kujitengenezea? Kwa sabufa ndogo za dukani, hapana. Kiwanda kinachokata maelfu ya maboksi hakiwezi kushindwa bei na mtu mwenye shiti moja. Faida inaanza unapotaka kitu ambacho kwa bei hiyo hakipo dukani: boksi zito lisilotetemeka, lenye ujazo sahihi, linaloweza kubadilishiwa spika miaka kumi baadaye. Sabufa ya dukani ya bei ya chini ina boksi la plastiki au chipubodi ya milimita tisa, na kwenye kibandiko pameandikwa wati 5,000 za kilele (PMPO). Igeuze nyuma utazame kiasi cha umeme inachovuta ukutani. Mara nyingi utakuta wati 60 au pungufu. Haiwezi kutoa isichoingiza.

Hata wati za kweli zina kikomo chake. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli tatu tu, tofauti ndogo kwa sikio. Kulisogeza boksi lako kwenye pembe ya chumba kunakuongezea besi zaidi ya hapo bila kununua chochote, kwa sababu kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti mbele. Paul Klipsch alijenga kampuni nzima juu ya wazo hilo. Klipschorn yake ya mwaka 1946 imeumbwa ikae kwenye pembe na kuzifanya kuta za nyumba kuwa sehemu ya boksi.

Pembe hiyo iwe mbali na ukuta wa jirani. Yale mawimbi ya mita nane hayasimamishwi na tofali la inchi sita. Twita yako haimfikii jirani, besi inamfikia kitandani. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, Kenya ina zake za mwaka 2009, na kwa boksi lililojengwa sawasawa utazivunja kabla hujafika nusu ya sauti.

Kwa hiyo siku utakayokwenda dukani, usiulize wati wala inchi. Ulizia karatasi ya Fs, Qts na Vas. Muuzaji akicheka, nenda duka la pili, kisha la tatu. Wauzaji wetu hawaleti karatasi hizo kwa sababu hakuna mnunuzi anayezidai, na ubao usikatwe kabla hazijapatikana au kupimwa.